Roboti wa VR pale Nyali: lipia ule mkono wa mezani, jaketi wacha

Nianze na hukumu kabisa manake najua wengi wenu mwasoma mistari miwili kisha mwaenda zenu: pale mahali papya pa VR (ile ya kuvaa hedseti machoni ukajiona uko ndani ya gemu) kule Nyali, pale penye roboti, lipieni ule mkono wa chuma ulioko mezani nyuma ya kioo, vingine ni nyongeza tu, na ile jaketi ya kupigwa ngumi mimi binafsi sirudii hata ya bure. Jina la duka silitaji kwa sababu nna lawama zangu humu ndani na sitaki kumharibia mtu riziki. Wanaopajua washapajua, ni ghorofani, lifti ipo lakini usiiweke kwenye hesabu.

Mimi ni fundi wa simu, nna kimeza changu mjini, kwa hivo hizi mota ndogo za kutetemesha nazifungua kila siku ya Mungu na mtu akinambia mashine yake "inagusa" mimi sidanganyiki kirahisi. Nilienda na mdogo wangu wa kiume, ndo alonisumbua mpaka nkakubali, na ami yangu ambaye aliendesha kreni bandarini Kilindini mpaka akastaafu. Ami alisema yeye haji kucheza, yuwaja kukaa kwenye AC.

Hedseti zao ni Quest 3, zile za Meta zilotoka Oktoba 2023 kwa dola 499 huko Marekani, huku kwetu ongeza ushuru na faida ya muuzaji halafu ukae chini. Picha iko sawa, sina neno. Wadada wa mtandio nawaambia hivi: mkanda wapita juu ya kichwa na mwengine nyuma, mtandio wa kuteleza utakushuka katikati ya mchezo na huna mikono ya kuurudisha, vaeni wa pamba na pini zikae pembeni, zisikae kisogoni. Kuna dada wa kukuvalisha, niliuliza kabla sijatoa pesa, na chumba cha mwisho kina pazia la maana, hapo nawapa maksi zote. Ila joto jamani. Ukitoka juani ukavaa ile kitu papo hapo vioo vyafanya ukungu hujaona hata roboti, subiri jasho likauke kwanza.

Jaketi ni shilingi 800. Unavaa, ina mota kifuani na mgongoni, roboti wa ndani ya gemu anakurushia ngumi nawe wakwepa. Shida ni kwamba ngumi yatua bega la kushoto, mtetemo waja katikati ya kifua, tena umechelewa, ushaanza kugeuka ndo wapigwa. Mdogo wangu aliipenda. Yeye hupenda kila kitu chenye kelele.

Chumba cha pili yuko roboti mwengine wa ndani ya gemu, mrefu mweupe, ana heshima zake, akusalimia kwa mkono, akupa kikombe, mwapanga vitu pamoja kwenye rafu. Hapa wavaa glavu zenye mota kwenye ncha za vidole. Sasa ukimwona roboti kwa macho vizuri hivo halafu ukampa mkono, lazima mkono wako utarajie kitu. Kinachokuja ni dzzzz kwenye vidole vyote vitano kwa mpigo, na vidole vyenyewe vinapenya ndani ya kiganja chake mpaka vinatokea upande wa pili. Nilirudisha mkono kwa haraka, si kuogopa, ni kukinai.

Nkawaza kwa nini imeniudhi hivo wakati simu yangu hutetemeka siku nzima na sijali. Sababu ya kwanza ni ya kifundi. Mota walizotia mule, kwa jinsi nilivozisikia, ni zile za kuzunguka, zina kijipande cha chuma kimekaa upande mmoja wa mhimili, ikizunguka yote yatetemeka. Hizo ni za bei ya chini na tatizo lake ni kwamba zataka muda kuchukua kasi na muda tena kusimama, kwa hivo mguso waanza umechelewa na waisha umejivuta. Simu nzuri za siku hizi zinatumia za aina nyingine, kuna uzito juu ya springi unasukumwa na sumaku kwenda na kurudi, hizo zapiga tik moja safi na kunyamaza. Tofauti yake waisikia hata ukiandika meseji tu.

Sababu ya pili ni ya mwili wenyewe. Ngozi ya kiganja ina aina nne za vipokezi vya mguso na kila moja ina kazi yake, kuna vya kujua kitu kimeanza kuteleza, kuna vya mgandamizo wa kukaa, kuna vya ngozi kuvutwa, na kuna vile vya Pacini ambavyo ndo vyasikia mtetemo, vikali zaidi pale karibu na mara 250 kwa sekunde. Glavu ya mtetemo yaongea na hao wa Pacini, wenzao wamekaa kimya hawana habari. Na misuli nayo, ambayo ndo hupima uzito na ukinzani, haijaambiwa chochote. Kwa hivo ubongo wapata ripoti nusu: macho yasema nimeshikwa mkono, vidole vyasema kuna kitu chawasha, mkono mzima wasema mimi niko peke yangu hewani.

Na ajabu ni kwamba kuongeza utamu wa mguso peke yake si lazima kusaidie. Mar Gonzalez-Franco na wenzake waliandika kwenye jarida la Science Robotics mwaka 2018 kwamba mguso wa VR ukizidi kukaribia ule wa kweli huku macho hayaoni kitu cha kuufanya uingie akilini, watu wauona wa uongo zaidi kuliko mtetemo wa kawaida. Kilichokuwa muhimu ni vitu kukubaliana. Hili lina historia, mwaka 1998 Botvinick na Cohen waliweka mkono wa mpira mezani mbele ya mtu, mkono wake mwenyewe wakauficha, wakawa wapitisha burashi kwenye yote miwili kwa wakati mmoja, mtu akaanza kuhisi ule wa mpira ndo wake. Burashi zikipishana wakati, mchezo umekufa. Mpira tu ule, lakini wakati ulikuwa sawa.

Nilipata ushahidi wake pale pale. Kuna pahali yule roboti mweupe akugonga nyuma ya kiganja kwa kidole, mara moja tu, na bahati nzuri mtetemo wake umepangwa mfupi na ukaja sawasawa na kidole kilipotua. Wallahi niliruka. Kitu kidogo hicho kimenifanya nimwamini roboti kuliko ile salamu yote ya vidole vitano. Wangeondoa salamu wakabakisha kugongana ngumi tu ile ya vijana, ingekuwa burudani.

Kabla hamjanishambulia, najua glavu za maana zipo. HaptX wa Marekani walitangaza za kwao mwaka 2022 kwa zaidi ya dola 5,000 kwa pea, zasukuma hewa kwenye vijifuko vidogo zaidi ya mia kwa kila mkono, zina breki za kuzuia vidole visifunge, na mashine ya hewa waibeba mgongoni. Sasa duka la Nyali la kutoza shilingi 800 au 1,500 kwa kichwa halitonunua hiyo, sitegemei, na kwa joto letu kubeba kompresa mgongoni ni adhabu. Nachosema ni kwamba ukiwa na kifaa cha bei ndogo usikipe kazi kubwa.

Haya, tuje kwenye mkono wa mezani.

Huu hauko kwenye gemu, ni chuma kweli, uko nyuma ya kioo kizito, una vidole viwili vya kubania na kamera mbili juu. Hedseti yakuonyesha kile kamera zaona kwa hivo ni kama umekaa begani kwa roboti. Mkononi washika mpini uliofungwa kwenye vijimkono vitatu vyembamba vyenye mota, ukisukuma mpini mbele roboti aenda mbele, ukifinya naye abana. Kwenye ncha za vidole vyake kuna sensa za mgandamizo, na hapa ndo utamu, yule kijana msimamizi ana swichi ya hali tatu: hakuna mguso kabisa, mtetemo tu, na ya tatu ni ya kurudisha nguvu, yani roboti akikutana na kitu kigumu mpini wako nao wakataa kwenda. Wanakuwekea vitu vya kuokota, chupa ya maji tupu, yai, parachichi, na mahamri ambayo kwa macho yangu yalikuwa ya jana. Shilingi 1,500 nusu saa.

Hali ya kwanza, bila mguso. Mhamri wa kwanza niliufanya chapati. Wa pili pia. Chupa nayo ikapiga kelele ikakunjamana. Na si kwamba sioni, naona vizuri sana, lakini macho yakwambia kitu kimebonyea kikiwa kishabonyea, tena pale pale unapotaka kuangalia ndo vile vidole vya chuma vimeziba. Kwa hivo wajikuta wabana zaidi ili uwe na hakika. Kumbe hiyo ni tabia ya mkono wowote usiosikia. Johansson na Westling wa Umeå kule Sweden walionyesha mwaka 1984 kwamba binadamu akiinua kitu hufinya kidogo tu juu ya pale kingeanza kuteleza, hapotezi nguvu, na hesabu hiyo yafanywa na vidole vyenyewe kabla hujawaza, ukivitia ganzi hesabu yaharibika. Mimi pale sikutiwa ganzi lakini roboti wangu alikuwa na ganzi, ni yale yale.

Hali ya pili, mtetemo. Hapa mambo yalibadilika kuliko nilivotegemea, na mimi ndo nimetoka kuusema vibaya mtetemo huko juu. Vidole vya chuma vikigusa tu kitu nasikia tik kwenye mpini, na hiyo tik peke yake ilinitosha kusimama kwa wakati. Yai liliinuka. Shida yaanza baada ya pale, wameweka kwamba ukizidi kubana mtetemo nao wazidi, kwa hivo yabidi uanze kutafsiri kichwani, mtetemo kiasi hichi ni nguvu kiasi gani, na ukishaendelea kidogo vidole vyapata ganzi ya kutetemeshwa huoni tena tofauti. Kwa kujua umegusa, mtetemo ni mzuri sana na ni wa bei ndogo. Kwa kujua umegusa kwa nguvu gani, hapana.

Hali ya tatu nilicheka kwa sauti. Nilibana yai na mpini ukaninyima, hivo tu, ukasimama, na mkono wangu ukajua la kufanya bila kuuliza mtu. Mhamri ukabonyea kidogo ukarudi, nkajua huu ni wa jana kweli. Halafu parachichi. Nyote mwajua kule Marikiti parachichi halichaguliwi kwa macho, utalishika, ulibonyeze kiasi muuzaji asigombe, ndo ujue la leo au la kesho. Nililibonyeza kupitia roboti, likakubali kidogo halafu likashika, nkamwambia kijana hili bado msilikate leo. Akaenda akalichukua kwa mkono wake, akalibonyeza, akasema, "Dada, kweli bado." Mimi nimekaa upande wa pili wa kioo sijaligusa! Hapo ndo nkaona pesa yangu imerudi.

Ami alikuwa amekaa na simu yake, akasema hebu nione. Akavaa hedseti juu ya miwani (yaingia, waambieni wawaongezee nafasi). Kijana akamwekea hali ya kwanza, ile isiyo na mguso, na huyu mzee akainua mhamri mzima haujapasuka. Kijana akamuuliza, "Mzee wangu, umewahi kucheza hii?" Ami akasema, "Mwanangu, kreni haikurudishii mkono. Wasikia kiti, wasikia injini yabadilika sauti, wajua mzigo umeshika." Kumbe alikuwa asikiliza mota za roboti zikilia nyuma ya kioo, sauti yake yapanda kidogo chuma kikikutana na kitu, na yeye asimama pale pale. Mimi fundi mzima sikuwaza hilo. Alipowekewa hali ya tatu kwanza hakuipenda, "yanisukuma ya nini hii," lakini baada ya muda akafumba macho kabisa akainua chupa akiwa amefumba, akaishusha, akainua tena. Hakurudi kwenye AC mpaka muda ukaisha. Mtu wa kuniambia masikio hayasaidii kugusa atakuwa hajakaa na ami.

Sasa lawama. Katikati ya zamu yangu watoto wakaingia chumba cha jaketi, hedseti zote zikadaka waifai moja, na mpini wangu ukaanza kutikisika wenyewe. Si mtetemo wa kupangwa, ni mpini mzima wapiga mbele nyuma, yai tukalipoteza. Kijana akasema "ni kawaida." Si kawaida yakhe, ni kuchelewa. Picha ya hedseti yabadilika mara 90 au 120 kwa sekunde na ikichelewa kidogo macho yasamehe, lakini nguvu ya kurudi mkononi wahandisi huipangia kama mara 1,000 kwa sekunde, ikichelewa mpini wakusukuma kwa mguso uloisha kitambo, wewe wajibu, roboti ajibu jibu lako, kisha mwafukuzana hivo hivo mpaka kitu kivunjike. Ndo sababu nguvu ilochelewa ni mbaya kuliko kukosa nguvu kabisa, bora angerudisha hali ya pili hapo hapo nimalizie. Na dawa yake wanayo! Kebo ipo imening'inia ukutani, nilipouliza nkaambiwa ni ya mashindano. Mji huu wa Mombasa ambao SEACOM na TEAMS zilitia nanga na kebo zao za intaneti za chini ya bahari toka 2009, mguso unakufa kati ya meza na kiti kwa sababu ya waifai ya watoto.

Hata wakubwa walilikwepa hili la kurudisha nguvu mkononi. Tarehe 7 Septemba 2001 daktari Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa mgonjwa aliyeko Strasbourg, Ufaransa, kifuko cha nyongo kwa kutumia roboti, laini yao ilikuwa ya kukodi maalumu, na nguvu haikurudi mikononi mwake, alifanya kwa macho. Roboti wa upasuaji wa da Vinci naye alipata kibali Marekani mwaka 2000 na miaka yote hiyo madaktari walikuwa wapima nguvu kwa kuangalia uzi unavokaza na nyama inavobonyea, mpaka da Vinci 5 iliyopata kibali 2024 ndo ikaja na vifaa vya kurudisha nguvu mkononi. Mwaona ni miaka mingapi. Kwa hivo yule kijana akiwaambia "hii ni teknolojia mpya kabisa ya mwaka huu" mtabasamu tu, manake Raymond Goertz pale maabara ya Argonne karibu na Chicago alianza mwishoni mwa miaka ya 1940, watu washughulikie vitu vya mionzi kupitia ukuta, na mikono yake ya kwanza ilifungwa kwa nyaya na vyuma moja kwa moja kwa hivo mguso ulirudi wenyewe. Walipotaka kuondoa nyaya waweke umeme ndo wakalazimika kuutengeneza mguso upya, wakaufikia 1954. Nilimweleza kijana, hakufurahi sana, lakini alinipa dakika za ziada za lile yai, Mungu ambariki.

Mengine madogo madogo. Glavu zao hazipanguswi kati ya mtu na mtu, nilizikuta bichi, nkaomba kitambaa na dawa nkapangusa mwenyewe. Ukiwa na kucha ndefu usihangaike na glavu, na hina mbichi usiende kabisa utawachafulia na utaharibu maua yako. Watoto chini ya kumi wasiwekwe kwenye mpini wa nguvu, sikuona mtu akiuliza umri. M-Pesa wapokea, risiti hawatoi mpaka udai. Pakuegesha gari ni kwa kugombania, bora tuktuk.

Nendeni siku ya kazi asubuhi, watoto wako shule na waifai imepumzika, waambieni wachomeke ile kebo ya ukutani na msione haya. Na kijana asiwarukishe moja kwa moja hali ya tatu. Hupenda kufanya hivo ili aokoe mayai. Mwambieni aanze na ile isiyo na mguso, mahamri yake ya jana yaharibike kwanza.